Malkia Aliyebeba Mbuzi

Jumanne, tarehe 17 Juni. Ukungu mpaka saa nne asubuhi, halafu manyunyu, yale ya kulowesha nguo kwenye kamba na kuacha shamba kavu. Baridi imeshika magoti.

Mercy na Kavata, nyinyi ndio mliniomba niandike. Tangu niwaachie duka la taipu hapa Mukuyuni mmekuwa mkiniuliza mambo ya zamani, na mimi nawajibu nusu nusu kwa sababu kuna mteja mlangoni. Sasa nafasi ninayo. Lakini mjue mapema kwamba shule niliacha kidato cha pili, na maisha yangu yote nimeandika maneno ya watu wengine. Yangu mwenyewe sijui yanaanzia wapi. Mkiona mahali nimekosea, kalamu nyekundu iko droo ya chini.

Nilianza Kitui mjini. Nilitoka nyumbani Zombe na viatu kwenye mfuko ili visishike vumbi, nikavivalia nyuma ya duka la mbao, nikaingia kwa Mama Ndunge. Alikuwa na chumba kimoja, taipureta tatu, na dirisha ambalo halikuwahi kufunguka. Alinitazama kutoka kichwani mpaka kwa vile viatu.

"Unajua kutaipu?"

"Najua kidogo."

"Kidogo ni kibaya kuliko kutojua. Nenda unawe mikono."

Nilinawa mikono. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya siku ya kwanza, kunawa mikono, mara nne. Wiki ya kwanza yote hakunikubalia kugusa taipureta. Nilikuwa natenganisha karatasi za kaboni na kusafisha herufi kwa mswaki na mafuta ya taa, hasa ile a na ile e, kwa sababu hizo ndizo hujaa wino mpaka zinafanana na macho ya mtu aliyelia.

Kitu ambacho nilijifunza kwanza hakikuwa kutaipu. Kilikuwa kusoma prufu. Nyinyi siku hizi mnamtumia mteja kazi yake kwa simu, anajibu "iko sawa" akiwa anakula. Kwa Mama Ndunge mteja alikaa kwenye kiti. Alishika karatasi yake ya mkono na akaisoma kwa sauti, kila neno, na koma anasema koma, na nukta anasema nukta. Sisi tulifuata kwenye ile iliyotaipiwa, na rula chini ya mstari. Wakili alisoma. Pasta alisoma. Chifu mmoja alikataa kusoma na Mama Ndunge akaweka karatasi zake chini ya mfuko wa unga mpaka akarudi akasoma.

Nilimuuliza kwa nini tusisome sisi, kwani ni haraka.

"Mtu akisoma maneno yake kwa mdomo wake, ndiyo mara ya kwanza anayasikia," akasema. "Wengine huyachukua wakaenda nayo nyumbani."

Nilimwona mmoja kwa macho yangu. Mzee fulani alikuja kumshtaki mkwe wake, kurasa tatu. Alisoma ya kwanza kwa nguvu, ya pili pole pole, ya tatu hakuifikia. Alikunja zote akatuaga vizuri.

Sheria yake nyingine ilikuwa ya mdomo wetu sisi. Kilichoingia kwa macho kitoke kwa vidole. Mdomo haumo. Ukisikia mteja anasemwa sokoni na wewe unajua ukweli kwa sababu uliutaipu jana, unanunua nyanya zako unaenda. Hii ni ngumu kuliko kunawa mikono.

Makosa nimefanya. Lile kubwa kwa Mama Ndunge lilikuwa programu ya mazishi ya mtu mwenye wake wawili, ambayo nilitanguliza jina la mke mdogo kwa sababu ndiye aliyeleta karatasi. Mazishi yalisimama mpaka saa tisa. Maiti iko hapo, pasta yuko hapo, na wanawake wawili wanauliza nani amepanga haya majina. Mama Ndunge hakunigombeza. Alinipa programu zote mia na rula, nikakata ukurasa wa kwanza mmoja mmoja. Kwa hivyo mambo ya malkia na ikulu yalipokuja miaka mingi baadaye, hayakunishangaza sana.

Niliolewa nikaja upande huu wa Makueni. Nilikaa miezi michache Mtito Andei nikitaipia madereva wa malori, ambao barua zao zote zinasema gari limeharibika, kisha nikafungua duka hapa. Taipureta ilinitumikia mpaka ribani zake za wino zikakosekana, nikanunua kompyuta. Ilikuwa mwaka wa pili wa hiyo kompyuta Mwalimu Kimeu alipoingia na kikapu.

Mwalimu Kimeu nyinyi mnamjua kama mzee wa kofia anayekuja kutoa kopi. Wakati huo alikuwa amestaafu juzi tu. Katika kikapu kulikuwa na madaftari kumi na moja ya shule, yameandikwa pande zote mbili, na mistari mingine inapanda pembeni.

"Mama Mutheu," akaniambia, "hii ni riwaya. Ya historia."

"Historia ya wapi, Mwalimu?"

"Milki ya Zumarani."

Nilisema sijawahi kuisikia. Akasema hata yeye, ameitunga. Lakini ni historia.

Basi nikaanza. Nilikuwa nataipu daftari moja kwa wiki, kati ya fomu za chuo na barua za bodi ya maji. Nitawaeleza habari yenyewe kwa ufupi. Kaisari wa Zumarani ana wake wawili. Malkia Mkubwa, jina lake Adhra, hana mtoto. Malkia mdogo, Rohaya, ana wana wanne na mama mzazi mwenye ulimi. Kaisari anakufa ukurasa wa kumi na mbili. Kutoka hapo ni fitina mpaka mwisho. Sumu nimeitaipu mara sita, mara moja kwenye juisi ya komamanga, na anayeinywa kila mara ni mtu mwingine. Kuna barua zinafichwa ndani ya nywele zilizosukwa. Kuna mnajimu ambaye analipwa na pande zote mbili, na huyo nilimpenda. Rohaya anataka Adhra afukuzwe ikulu, kwa sababu asiye na mwana hana nyumba.

Sijui kama ilikuwa riwaya nzuri. Mimi si wa kusema. Najua kwamba daftari la saba niliunguza ribani, yaani mkate, kwa sababu nilitaka kujua kama Adhra ataondoka. Mnisamehe kwa hiyo ribani, ni mazoea ya vidole.

Daftari la nane ndipo palipo na shida. Malkia Mkubwa anakataa kuondoka. Anaamua kuoa. Anatafuta msichana, anamwoa yeye mwenyewe kwa jina la nyumba yake, ili watoto watakaozaliwa wawe wake na nyumba isife. Nikasimamisha mikono. Hiyo ni yetu. Sisi Wakamba tunamwita iweto, mwanamke anayeolewa na mwanamke asiye na mtoto. Kila mtu hapa analijua boma moja la namna hiyo. Halafu, na hapa nilicheka peke yangu dukani, Malkia wa Zumarani, mwenye mapazia ya hariri na matowashi mia, anapeleka mbuzi watatu kwa baba ya msichana. Ntheo. Mbuzi wale wa kufunga ndoa, ambao wasipoliwa hata uwe na wajukuu hujaolewa. Mwalimu alisahau kuwapa hata jina la Kizumarani.

Na kuna kitu kingine. Mbuzi mdogo kuliko wote anaumia mguu wakivuka mto, na wanaume waliofuatana na Malkia wanasema aachwe. Malkia anamwinua anamweka mabegani mwenyewe, na mavi ya mbuzi yanateremka kwenye hariri. Wazee wa upande ule wakaona hivyo. Mbuzi akapokelewa na mguu wake.

Mahali pengine pote Mwalimu ameandika kama mtu aliyesoma vitabu. Hapo aliandika kama mtu aliyekuwepo. Nilijua. Mkitaipu watu miaka mingi mtajua pia.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinaendelea nje ya daftari, na mnivumilie kwa sababu nataka kukigawa sawa.

Baba ya Mwalimu Kimeu alikuwa na wake wawili. Mke wa kwanza, Mbeke, hakuzaa. Wa pili alizaa Mwalimu na wadogo zake watatu. Mbeke alikuwa na sehemu yake ya shamba, ile iliyo karibu na mto, na humo alikaa na mwanamke anaitwa Kalekye na watoto wa Kalekye. Ndiye yule Mama Mwikali mnayemjua, wa mbaazi. Mwaka ule Mbeke alikufa, mzee sana. Hata matanga hayajaisha vizuri, ndugu zake Mwalimu wakasema Kalekye ni mfanyakazi tu, aliletwa kusaidia kuchota maji, achukue sufuria zake aende kwao. Kalekye akasema yeye ni iweto, ntheo ililiwa, na nyumba ya Mbeke ni yake na wanawe.

Wazee wa ukoo wakauliza, nani alikula hiyo ntheo? Na hapo mambo yakawa magumu, kwa sababu wote walioila walikuwa wamekufa. Alibaki mmoja aliyekwenda siku hiyo, akiwa darasa la tatu, akiwaswaga wale mbuzi. Mwalimu Kimeu. Kikao kikawekwa Jumamosi.

Wale ndugu pia niwaandikie haki yao. Walikuwa na wana wakubwa, na sehemu yao ni ile ya mawe, ambayo hata ng'ombe huitazama wakapita. Mvua ilikuwa imekosa mara mbili. Hawakuwa watu wabaya, mmoja alinijengea hii meza. Na Mwalimu alikuwa mkubwa wao, na mkubwa hulaumiwa.

Jumatatu ya wiki ile Mwalimu aliniletea karatasi nyingine, si ya riwaya. Maelezo yake kwa wazee wa ukoo. Nusu ukurasa. Yalisema kwamba yeye hana kumbukumbu ya mbuzi yeyote kupelekwa kwa ajili ya mwanamke huyo, na kwamba anavyojua aliletwa kama msaidizi wa nyumbani. Nikataipu. Kilichoingia kwa macho kikatoka kwa vidole. Koma zote nikaweka. Na daftari la nane liko hapo kando, limefunguliwa kwenye mbuzi.

Jumanne akaja Kalekye. Alitaka barua kwa wazee hao hao. Yeye hakuandika, alisema na mimi nikaandika, kwa Kikamba, nikageuza Kiswahili. Alisema maneno machache sana. Nikamuuliza kama anaweza kutaja shahidi.

"Wamekufa," akasema. "Amebaki Kimeu."

"Na atasema?"

"Kimeu nilimlea mimi na Mbeke, mama yake alipokuwa mgonjwa. Atasema au hatasema. Andika jina lake tu."

Niliandika. Sasa nilikuwa nimetaipu pande zote mbili na mdomo haumo. Usingizi nilipata, sitadanganya, lakini chakula hakikuwa na ladha. Nilijiuliza Mama Ndunge angefanya nini. Angenunua nyanya zake aende. Pengine. Sina hakika hata leo.

Alhamisi saa nne Mwalimu alikuja kusoma prufu ya daftari la nane. Kila daftari alikuwa amelisoma kwenye kiti kile kile, na alipenda sana, sauti yake ilikuwa ya darasani bado. Kalekye alikuwa ameketi kwenye benchi la ukuta, anangoja barua yake. Nilikuwa nimemwambia aje Alhamisi saa nne.

Waliamkiana. Mwalimu alivua kofia, akaivaa tena.

"Mama Mutheu, nitakuja baadaye," akasema. "Una mteja."

"Barua yake si ya kuchukua muda. Soma tu, Mwalimu, nimeweka rula."

Akasoma. Alianza chini chini, lakini maneno yake mwenyewe yalimchukua, kama kawaida. Malkia Adhra akamchagua msichana, koma. Mbuzi watatu wakatoka ikulu alfajiri, nukta. Walipofika mtoni, sauti yake ilipungua. Nilifuata na rula. Alifika mahali pa mbuzi mdogo, mguu, wanaume wakisema aachwe. Akasoma, "Malkia akamwinua, koma, akamweka mabegani."

"Hakumweka mabegani," akasema Kalekye.

Mwalimu hakuinua kichwa. Mimi pia.

"Alimfunga mgongoni," Kalekye akasema. "Na leso. Ile ya njano. Alimbeba kama mtoto."

Nje mtu alikuwa anabishana na muuza viatu.

"Wewe uliona kutoka wapi?" Mwalimu akauliza. Alimuuliza kama mwalimu anayetaka kujua, si kama mtu wa kesi.

"Kwenye mwamba, juu ya mto. Nilitoroka jikoni. Walikuwa wameniambia naolewa na mwanamke na nilikuwa naogopa, sikujua ni mambo gani hayo. Nikasema acha nimwone kwanza, nikimkataa nitakimbilia kwa shangazi." Akapangusa magoti yake kwa mkono. "Nikaona mama mmoja anapanda na mbuzi mgongoni, anamwimbia anyamaze. Nikarudi jikoni."

"Sikuona vizuri," akasema Mwalimu. "Mimi nilikuwa mbele na wale wawili."

"Ulikuwa mbele unalia. Yule dume alikuwa amekukanyaga."

"Sikulia, mimi."

"Ulilia mpaka ukapewa figo."

Sijui kama alicheka. Alitoa sauti fulani puani. Alivua miwani akaishika muda mrefu, na mimi nikasafisha kibodi ambacho hakikuwa na uchafu. Kisha akaniambia, "Mama Mutheu, hapo si mabegani. Badilisha. Weka mgongoni, kwa leso ya njano."

"Hariri ya njano?"

"Leso."

Nikabadilisha. Akasoma mpaka mwisho wa daftari na hakuruka koma. Alipomaliza aliniuliza ile karatasi nyingine iko wapi. Nikampa nakala zote tatu. Hakuzisoma kwa sauti, na mara hiyo moja sikumlazimisha. Alizikunja akaweka mfuko wa ndani, akamwambia Kalekye, "Jumamosi njoo mapema, Mama Mwikali, ukae mbele," akaenda.

Kwenye kikao sikuwepo, si ukoo wangu. Niliambiwa kwamba alisimama akasema ntheo ililiwa, na yeye alikula figo, na anayetaka kuuliza aulize. Wazee hawakuuliza sana. Kalekye alibaki. Ndugu zake Mwalimu hawakumwamkia kwa muda mrefu, na mmoja hajamwamkia mpaka leo, na Krismasi hukaa upande wa pili wa kanisa. Hayo nayo yaandikwe, kwa sababu aliyelipa ni yeye, si mimi niliyeshika rula.

Riwaya haikupata mchapishaji. Tulitoa nakala nane, nikazitoboa na kuzifunga kwa zile waya za plastiki. Moja iko rafu ya juu hapo dukani, nyuma ya karatasi za rangi. Isomeni. Adhra haondoki.

Wiki iliyopita nilimwendea Mwalimu kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Alifikiri. Akasema, "Andika, lakini andika na mawe ya shamba la ndugu zangu." Nimeyaandika. Nilimwendea Mama Mwikali pia. Yeye aliniuliza tu kama nimetaja rangi ya leso.

Kuna kitu kimoja bado, na nilitaka kukiacha nje. Mara nyingi nimejiambia kwamba Alhamisi ile ilitokea tu, kwamba wateja hukutana dukani, duka lenyewe ni dogo. Lakini barua ya Kalekye ilikuwa tayari tangu Jumanne jioni. Ilikuwa droo ya chini, imechapwa, nimeisoma mwenyewe, haina kosa. Nilimwambia bado. Mdomo wangu haukutoa siri ya mtu, hiyo ni kweli. Ulitoa uongo mmoja mdogo, neno moja. Kama nilivunja sheria ya Mama Ndunge au niliifuata ile nyingine, ya mtu kuyasikia maneno yake kwa mdomo wake, nyinyi mtaamua, mnayo miaka. Mimi nimepima mara nyingi na kila mara inatoka tofauti.

Manyunyu yameacha. Saa kumi na moja Mwikali alipita akaniletea mbaazi mbichi kwenye mkebe wa rangi, mama yake amezituma. Nilizibambua mimi na mume wangu mlangoni, yeye akila moja kwa kila tatu. Jioni tumekula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na hizo mbaazi, na kitunguu kimoja. Zilikuwa laini. Zimetoka ile sehemu iliyo karibu na mto.